Faili la halmashauri lilivyotutembeza kata kwa kata

Faili lilikuja kwenye flashi. Kijana wa kitengo cha TEHAMA alinikabidhi mlangoni mwa ofisi, mchana wa jua kali, akasema, "Kaka, humo kuna shule zote, zahanati zote na vituo vyote vya maji vya wilaya nzima. Kazi kwenu." Nilipanda daladala na mkono wangu haukutoka mfukoni hadi nafika nyumbani.

Kwetu sisi tunaochora OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia, ule ulikuwa utajiri. Kikundi chetu hakizidi watu kumi na watano, na tuko katika wilaya moja ya mwambao ambayo sitaitaja, kwa sababu baadhi ya haya yanawagusa watu waliotusaidia kwa moyo. Wachache wetu tulijifunzia kazi Dar es Salaam kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka pamoja wakichora nyumba, mifereji na vichochoro vya mitaa inayofurika kila masika. Huko tulizoea kupata pointi moja moja kwa miguu. Unafika, unasalimia, unauliza, unaandika. Sasa tulikuwa na jedwali lenye mistari zaidi ya 700, kila mmoja na jina, kata na namba zake za mahali. Tukapiga hesabu, wikendi moja tu kazi imekwisha.

Hadi sasa imetuchukua miezi kumi na minne.

Aliyetusimamisha ni dada mmoja wa kikundi, mkongwe kuliko sisi wote katika kazi hii. Alitusikiliza tukigawana kata, kisha akauliza, "Hizi data ni za nani, na nani kasema tuziweke hadharani?" Nikamjibu kwamba tumepewa na ofisi. "Umepewa na mtu wa ofisini," akasema. "Ofisi yenyewe haijasema kitu."

Alikuwa sahihi. Tangu Septemba 2012 data za OpenStreetMap hutolewa kwa leseni iitwayo ODbL. Kwa lugha ya nyumbani, mtu yeyote, popote alipo, anaruhusiwa kuzitumia, hata kwa biashara, mradi ataje zimetoka wapi. Na akiiboresha hifadhidata yenyewe na kuitoa kwa umma, aitoe kwa masharti yaleyale. Ukitia humo jedwali la halmashauri bila kibali, umegawa mali ambayo mwenyewe hajairidhia. Siku akilalamika, vyote vitafutwa, na masahihisho ambayo watu wengine wameyaweka juu yake yatakwenda na maji.

Tukaandika barua. Ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu zilizojaa mapinduzi ya kidijitali na maendeleo endelevu, na kila nilipopita masijala niliambiwa iko kwenye mzunguko. Baada ya miezi miwili tuliiacha tukaandika nyingine ya ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu. Ilieleza tunaomba nini, data zitaonekana wapi, nani ataruhusiwa kuzitumia, na halmashauri itarudishiwa nini. Tukaambatisha ramani ya kata moja iliyochapishwa kwa rangi, ili mwenye kuifungua aone mtaa wake. Safari hii tuliitwa ndani.

Afisa aliyetupokea aliisoma barua mara mbili, akavua miwani. "Kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kuzichukua hizi, akatengeneza ramani, akauza?"

Nakiri nilitamani kupunguza ukali wa jibu. Ningesema ni kwa ajili ya maendeleo tu, huenda tungeondoka na saini siku ileile. Nikamwambia, "Ndiyo mkuu, anaweza. Ila hataweza kukuzuia wewe wala mwananchi kuzitumia. Na huyo mfanyabiashara akijua zahanati ilipo, dereva wa bodaboda aliyembeba mgonjwa usiku naye atajua." Alikaa kimya kidogo. Kisha akatuambia tulete rasimu ya kibali inayoitaja leseni kwa jina, aipeleke kwa mwanasheria. Barua yenye mhuri tuliipata mwezi wa tano tangu siku ya flashi, na niliipiga picha kabla sijatoka getini.

Mwenye nia ya kufanya kazi kama hii, hapa ndipo ningemwomba awe na subira kuliko popote. Kibali kinachosema "mnaruhusiwa kutumia data zetu" hakitoshi, kwa sababu hicho kinawaruhusu ninyi, nanyi mnakwenda kuwapa watu wengine. Kiseme wazi kwamba data zitaingizwa OpenStreetMap na kutolewa chini ya ODbL. Kiseme pia kwamba halmashauri inaridhika kutajwa kwenye orodha ya wachangiaji, maana hakuna programu ya simu itakayoandika jina la halmashauri chini ya kila nukta.

Barua ilipokuwa ikizunguka, sisi tulikuwa tumelifungua faili kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuonyesha data kwenye ramani, na huko ndiko tulikopata somo jingine.

Shule moja ya msingi ilitokea Ethiopia. Alama ya kutoa mbele ya 6 ya latitudo, ile inayoonyesha kusini mwa ikweta, ilikuwa imedondoka, basi shule ikavuka ikweta. Nyingine mbili zilitua Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, kwa sababu aliyeandika alibadilisha nafasi za latitudo na longitudo. Makosa ya namna hiyo yanajitangaza yenyewe. Ya hatari ni yale yanayobaki ndani ya wilaya na kufanana na ukweli. Kuna mahali nyuzi 6 na dakika 48 ziliandikwa 6.48, wakati kwa desimali ni 6.8, na kosa hilo moja huisogeza shule kilomita 35. Ikiwa wilaya yako ni ndefu, shule hiyo itatua kijiji kingine na wala hutashtuka.

Kosa lililonikosesha usingizi lilikuwa dogo zaidi. Zahanati moja ya pwani iliangukia katikati ya mikoko. Nikadhani mtu kakosea tarakimu. Nilipoweka picha za setilaiti chini yake nikaona jengo lenyewe, paa la bati la bluu, kusini mwa ile nukta. Nikaenda kwenye shule ya jirani, nayo nukta yake ilikuwa kaskazini ya majengo. Nyingine vilevile. Kata nne nzima zilikuwa zimesogea upande mmoja, kwa umbali uleule wa karibu mita 300, kama mkeka uliovutwa.

Kwenye kikundi hakuna aliyejua. Nilimpigia mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, nikamsomea namba chache. Hata sikumaliza. "Hizo ni za Arc 1960, mwanangu," akasema. Akanieleza taratibu, kama mtu anayesimulia habari za kijiji chake. Ramani za zamani za nchi zetu hizi zilipimwa kwa msingi huo, unaolichukulia umbo la dunia kwa vipimo vilivyoitwa Clarke 1880. GPS ya simu na OpenStreetMap vinatumia msingi mwingine, WGS 84. Namba ni zilezile, lakini kila msingi unazisoma mahali pake, na huku kwetu tofauti inafika karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Aliyejaza kata zile nne alikuwa amesoma namba kwenye karatasi za ramani, waliojaza nyingine walisimama uwanjani na GPS. Halafu mtu akaziunganisha zote katika jedwali moja, na hakuandika popote ipi ni ipi.

Kubadilisha faili zima kwa mkupuo kungeziharibu zile zilizokuwa sawa. Tuliongeza safu moja kwenye jedwali, tukaiita "msingi", na tukapita mstari kwa mstari tukilinganisha na picha za setilaiti. Tulizokuwa na hakika nazo tulizibadilisha. Za mashaka tulizipaka nyekundu, maana yake lazima mtu aende. Nyekundu zilikuwa nyingi.

Ndipo miguu ilipoanza kufanya kazi. Tulitoka Jumamosi, wawili wawili, kila jozi na orodha iliyochapishwa na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kata. Siku ya kwanza mimi na mwenzangu tulikuwa tunatafuta kituo cha maji ambacho kwenye faili kiliandikwa "kinafanya kazi". GPS ilitufikisha kwa mama anayekaanga vitumbua kando ya njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta nini?"

Tukamwambia. Akageuka, akanyoosha mwiko kuelekea kwenye benchi la wateja wake. Benchi lile lilikuwa ubao uliolazwa juu ya zege, na pembeni ya zege kilichomoza kipande cha bomba kilichozibwa kwa tambara. "Ndicho hicho wanachokikalia wateja wangu," akasema. "Maji yaliacha kutoka huyu mwanangu hajaanza shule. Sasa yuko la nne." Mtoto mwenyewe alikuwepo, anamenya viazi. Mama akatuelekeza anakochota yeye, kisima cha mtu binafsi upande wa pili wa barabara, na kisima hicho hakikuwemo kwenye faili lolote. Hadi jioni tulikuwa tumekuta vituo vingine sita vya aina ile katika kata hiyo moja.

Usiku ule tulibishana sana. Wenzangu kadhaa walitaka tuviingize vyote, tuvisahihishe kadiri tutakavyozunguka. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, ramani tupu nayo haimsaidii mtu. Mimi nilisimama upande mwingine na bado nimesimama hapo. Jengo la shule halihami, na zahanati ikijengwa inabaki ilipo. Maji hubadilika mwezi kwa mwezi. Pampu inaungua, koki inaibiwa, kamati inaishiwa fedha. Anayeiamini ramani na kufika mahali pakavu ni mtu mwenye ndoo kichwani, mara nyingi msichana mdogo, na safari ile hatarudishiwa na yeyote. Mwishowe tulikubaliana kwamba vituo vya maji visiingizwe kutoka kwenye faili. Orodha ikawa ya kuzungukia tu, na kinachoonwa kwa macho ndicho kinachochorwa, pamoja na tarehe kilipoonwa.

Mipaka tuliiacha bila mjadala mrefu. Ndani ya flashi kulikuwa na tabaka la mipaka ya vijiji, limepakwa rangi nzuri. Tulipomwonyesha mwenyekiti mmoja wa kijiji aliweka kidole juu ya mstari akasema umepita katikati ya minazi ambayo wao na majirani wanaigombea. Kwa vijiji vyetu mpaka si pambo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mstari ukishaonekana kwenye simu ya kila mtu kuna atakayeupeleka barazani kama ushahidi. Sisi hatuna mamlaka ya kuamua minazi ni ya nani.

Kisha kulikuwa na pointi zilizokuwemo tayari kwenye ramani. Kabla ya sisi kuwa na faili, watu walishapita. Wanafunzi, wageni waliochora kutoka mbali kwa picha za setilaiti, na wakazi wenyewe. Waliowahi kuingiza data nyingi bila kuangalia hilo wapo, na mfano unaotajwa kila mara ni wa Marekani, ambako kati ya mwaka 2007 na 2008 barabara za idara yao ya sensa, data zinazojulikana kama TIGER, zilimwagwa kwenye OpenStreetMap nchi nzima. Miaka mingi baadaye wachangiaji wa huko walikuwa bado wanazinyoosha. Nao wana watu na vifaa kuliko sisi. Wilaya yetu yenye wachoraji kumi na tano ingezisafisha lini?

Basi tulijiwekea sheria kwamba kilichowekwa na mtu aliyefika pale kinatangulia, faili linajaza pengo tu. Kama shule imekwisha chorwa na jengo lake, hatufuti tukaweka nukta yetu, tunaongeza kinachokosekana kwenye kile kilichopo ili historia yake na jina la aliyeichora vibaki. Tulilinganisha zote moja moja kwenye JOSM, programu ya kuhariri OpenStreetMap, na huko niliona jambo ambalo programu isingelijua. Zahanati kadhaa zilikuwa zimewekewa lebo ya duka la dawa. Chanzo chake ni neno la Kiingereza linaloandikwa kwenye vibao vyetu, "dispensary", ambalo kwa mgeni humaanisha mahali pa kuchukulia dawa. Kwa mfumo wetu wa afya, zahanati ni ngazi ya kwanza, juu yake kipo kituo cha afya, halafu hospitali. Zahanati ina muuguzi, inapima watoto, mama anajifungulia pale. Kuiita duka la dawa ni kumwambia mwenye uchungu wa uzazi apite aende mbele. Zile tulizirekebisha kwanza, hata kabla ya kibali kutoka, kwa sababu hizo tulizifahamu wenyewe na hazikuhitaji faili la mtu.

Majina nayo yalikuwa na kazi yake. Faili liliandika kila kitu kwa herufi kubwa na vifupisho vya ofisini, "S/M" kwa shule ya msingi, "ZAH" kwa zahanati. Hivyo tulivifungua kwa saa chache. Kigumu ni pale jina la faili halitamkwi na mtu yeyote. Kila anayeijua Dar es Salaam anajua Kwa Aziz Ally, na ukimtajia kondakta jina jingine la pale atakutazama tu. Kwetu pia kuna Kwa fulani na Kwa fulani. Tukaamua jina lililo kwenye kibao liwe jina kuu, na lile la midomoni liingie kama jina la pili, ili mtu akitafuta kwa lolote kati ya hayo apate. Majina ya midomoni tuliyapata kwa kina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda.

Mpango ulipokamilika tuliuandika kwenye wiki ya OpenStreetMap, yaani kurasa zake za maelezo mtandaoni, kama utaratibu wa kuingiza data unavyotaka, tukaweka nakala ya kibali, tukafungua akaunti maalumu kwa ajili ya kazi hiyo tu, kisha tukatangaza kwa wachangiaji wa Tanzania na kwa wale wa nje wanaofuatilia uingizaji. Majibu yalikuja makali kidogo. Mmoja aliuliza kama tutaweza kuondoa kila kitu endapo tutaharibu. Hatukuwa tumelifikiria. Tukarudi tukagawa kazi kata kwa kata, kila kata seti yake ya mabadiliko yenye maelezo na kiungo cha ukurasa wa mpango, ili kata ikiharibika irudishwe peke yake bila kugusa nyingine.

Na iliharibika. Kata ya kwanza ilikuwa na pointi 22. Kijana wetu alibonyeza kupakia, mtandao ukakatika katikati, programu ikaandika kwamba imeshindwa. Akasubiri mtandao urudi, akabonyeza tena. Asubuhi kila shule ilikuwepo mara mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu seva ilikuwa imekwisha pokea mzigo wa kwanza na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa kuwa kata ile ilikuwa peke yake, tulirudisha nyuma ndani ya nusu saa. Siku hizi mtandao ukikatika hatubonyezi kitu, tunapakua eneo lile upya kwanza tuone kilichofika.

Baada ya kata ya tatu nilirudi ofisini na orodha ya marejesho, kama tulivyoahidi kwenye barua. Zilikuwa kurasa nne: shule zilizohamishwa na kosa la namba, zahanati za mikokoni, vituo vya maji vilivyokauka. Yule afisa aliipitia kwa kalamu. Alipofika kwenye shule iliyokuwa Ethiopia alisimama, akafungua kompyuta yake, akaitafuta kwenye rejista yao. Ilikuwa na kosa lilelile. Akaongeza alama ya kutoa mbele yangu, akahifadhi, akaniomba nimtumie safu ile ya "msingi" kwenye barua pepe.

Kata zote zimekwisha ingia isipokuwa mbili zilizo ng'ambo ya mto. Daraja la huko huwa halipitiki masika, na orodha zake zina nyekundu nyingi mno kuzipakia kwa kukisia. Barua ya mtendaji wa kule ninayo kwenye begi tangu Februari. Mvua zikikatika, tunavuka.